Land Cruiser 80 inatangatanga barabarani, stelingi ina plei kubwa, nimebadilisha vitu mpaka nimechoka

TairiPana:

Habari za muda huu wakuu. Naombeni mnisaidie maana hapa nilipo nimeishiwa. Nina Land Cruiser 80 ya 1994, dizeli, koili springi mbele na nyuma, aliyekuwa nayo kabla yangu aliinyanyua kama sentimita 5 hivi akaifunga na tairi pana za matope. Njia za vumbi na mawe inapita vizuri tu, shida ni lami. Ikifika spidi ya 80 inaanza kutangatanga, yaani hainyooki kabisa, unairudisha kushoto kidogo inaenda kulia, unairudisha kulia inaenda kushoto, kama umekaa kwenye mtumbwi, ukitembea masaa mawili unashuka mabega yanauma. Lori likikupita ndo usiseme.

Stelingi ina plei kama vidole vitatu kabla tairi hazijaitika. Halafu imekaa upande, gari ikiwa imenyooka stelingi inaangalia kushoto. Na mara mbili sasa nikipiga shimo kwa spidi ya 70 hivi mbele inaanza kutetemeka vibaya sana, gari nzima inapigapiga mpaka nipunguze mwendo ndo inatulia. Mara ya kwanza nilidhani tairi imechomoka.

Nilivyofanya mpaka sasa: stelingi dampa mpya, ile shokapu ya stelingi (siku mbili ilikuwa nzuri kisha ikarudi palepale), tairodi endi zote mpya (vile viungio vya mwisho vya rodi za stelingi), balansi, alaimenti mara mbili. Fundi akasema ni stelingi boksi (boksi la meno linalogeuza mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa tairi), akakaza ile skrubu ya juu, plei ikapungua kidogo ila sasa nikikata kona stelingi hairudi yenyewe, mpaka niirudishe kwa mkono. Sasa anataka nitafute boksi nyingine. Bushi (raba) za panadi rodi ya mbele, ile rodi inayoshika ekseli isiende pembeni, sizihesabu, hazina hata mwaka tangu zibadilishwe. Nianzie wapi jamani?

KasiNdogo:

Mkuu hiyo ni boksi, hakuna kingine. Kaza tena hiyo skrubu robo mzunguko plei itaisha. Yangu nilifanya hivyo.

MzeeWaGrisi:

Usikaze tena hiyo skrubu!! KasiNdogo samahani ndugu yangu lakini ushauri huo unaua maboksi mazima. Hizi boksi zimetengenezwa zibane kidogo zaidi pale katikati, tairi zikiwa zimenyooka, na pembeni ziwe nyepesi. Ukikaza skrubu kupita kiasi pale katikati panakuwa pagumu kuliko inavyotakiwa, meno yanasagana, na ndo maana mwenzetu anasema stelingi hairudi baada ya kona. Tena unakuwa umeleta shida ya pili juu ya ile ya kwanza ambayo hata hujajua iko wapi.

TairiPana kwanza irudishe ilipokuwa. Angalia nyuzi za ile skrubu, pale nati ilipokuwa imekaa miaka yote utaona alama ya uchafu na kutu, rudisha hapo. Kama alama haionekani, chomoa dragi linki (rodi inayotoka kwenye boksi kwenda kwenye tairi) kwenye pitmani amu (mkono wa boksi) ili boksi ibaki peke yake, zungusha stelingi kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia ukihesabu mizunguko, gawa kwa mbili, hapo ndo katikati ya boksi. Ukipita hapo katikati mkono usikie ugumu kidogo tu, kaugumu ka kuambiwa, sio kitu cha kushika na kuachia. Legeza mpaka ufike hapo. Halafu iache, usiiguse tena mpaka umalize mengine yote.

Sasa kutafuta plei yenyewe. Kosa la watu wengi ni kunyanyua gari kwenye jeki ndo waanze kutikisa. Hapana, tairi zikiwa hewani hakuna mzigo, vitu vinazunguka tu kwa raha zao. Gari ibaki chini kwa miguu yake minne, hendibreki, weka mawe kwenye tairi za nyuma, injini iwe inaunguruma ili pawa stelingi ifanye kazi. Mtu mmoja akae ndani achezeshe stelingi kushoto kulia, fupifupi na haraka haraka, sio kuzungusha, kama anayetaka kuamsha mtu. We uko chini na tochi, miguu mbali na tairi. Unaanza juu unashuka: shafti inayotoka kwenye usukani, zile krosi zake, inapoingia kwenye boksi, kisha pitmani amu inayotoka kwenye boksi. Kila sehemu unajiuliza swali moja tu: hiki kinasogea, hiki kinachofuata je, kinasogea pamoja nacho au kinachelewa? Pale kinapochelewa ndo plei ilipo. Shafti ikizunguka na pitmani amu ikachelewa, sawa, hiyo ni boksi. Lakini boksi yote ikisogea kwenye chesisi hiyo ni bolti, au chesisi imepasuka pale, na hilo usilichukulie poa, pasafishe kwa brashi ya waya uangalie kwa karibu, ufa huwa unajionyesha kwa mstari wa kutu unaotoka kama machozi.

Kuna sehemu macho hayatoshi. Weka kidole nusu juu ya rodi nusu juu ya brakti (chuma inapofungiwa), utasikia hata nusu milimita ambayo macho hayaoni. Angalia tu kidole kisiingie katikati.

Bushi_na_Bolti:

Naongezea kwa mzee hapo juu. Mi naona kama kuna mambo mawili au matatu hapa yamechanganyikana, na ndo maana kila anachobadilisha kinasaidia siku mbili tu.

Hiyo tetemeko ya baada ya shimo, hapo macho yangu yako kwenye panadi rodi kabla ya kitu chochote. Ekseli ya mbele inashikwa na nini isiende kushoto na kulia? Ni hiyo rodi moja tu. Upande mmoja imefungwa kwenye chesisi, upande mwingine kwenye ekseli. Bushi ikiwa na nafasi, unapokata stelingi boksi inasukuma dragi linki, na badala ya tairi kugeuka kwanza ekseli nzima inasogea pembeni. Wewe ndani unaisoma kama plei ya stelingi. Na ukipiga shimo ekseli inapata ruhusa ya kucheza, tairi inaenda kushoto inarudi kulia, kila ikirudi inajiongezea nguvu. Dampa mpya inaficha hilo kwa muda kisha inachoka nayo. Dampa ni ya kumeza mishtuko ya mawe, haijawahi kuponya kitu kilicholegea.

Na hiyo ya "hazina hata mwaka" mi isingenituliza. Swali langu ni moja: zilikazwa gari ikiwa wapi? Kama fundi alizikaza ekseli ikiwa inaning'inia kwenye stendi, basi kila gari inapokaa chini raba inakuwa imesokotwa muda wote, hata ikiwa imepaki. Raba ya hivyo haichukui muda inachanika kwa ndani ukiiangalia kwa nje inang'aa kama mpya. Bushi za raba bolti inakazwa ya mwisho gari ikiwa chini na uzito wake wote. Wengi hawafanyi kwa sababu kulala chini ya gari lililo chini ni tabu, mi mwenyewe zamani nilikuwa sifanyi.

Stelingi kukaa upande: ukinyanyua gari panadi rodi inalala zaidi kuelekea chini, urefu wake ni uleule, kwa hiyo inaivuta ekseli kidogo kuelekea ule upande ilipofungwa kwenye chesisi. Dragi linki nayo inabadilika pembe. Ndo stelingi inahama. Inarekebishwa kwa kurefusha au kufupisha dragi linki, sio kwa kuchomoa stelingi na kuirudisha jino jingine kama nilivyoona watu wanafanya, ukifanya hivyo ukiwa unaenda moja kwa moja boksi haiko katikati yake, na nimeshasema kwenye katikati ndo boksi inabana, we utakuwa unatembea pale ilipolegea siku zote.

MzeeWaGrisi:

Aliyesema ni mimi mkuu 😄 lakini sawa, tuko pamoja.

Bushi_na_Bolti:

Haha kweli, nimekuibia. Samahani mzee.

JanaTu:

Umeangalia upepo wa tairi na umri wake? Ukutani mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, mfano 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya matope ikizeeka inakuwa ngumu kama ubao hata kama meno bado marefu. Hamisha za mbele zipeleke nyuma, tabia ya gari ikibadilika umepata mmoja wa wachawi. Bure kabisa.

NakuNaKingpini:

Wadau hamjagusa kichwa cha ekseli, na kwenye gari hizi kichwa ndo kunafichwa mambo.

Ukimaliza kutafuta gari ikiwa chini kama alivyoeleza MzeeWaGrisi, ndo sasa unaenda kwenye jeki, upande mmoja mmoja, na stendi chini ya ekseli tafadhali, sio jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, mkono mmoja unasukuma mwingine unavuta. Ikigonga, kuna vitu viwili vinaweza kuwa: beringi za habu (kitovu ambacho tairi inafungwa), au beringi za king pini pale naku, kile kichwa cha ekseli kinachogeuka na tairi, inapozungukia. Kwa mkono zinafanana. Kuzitenganisha mwambie mtu akanyage breki huku wewe unaendelea kutikisa. Breki ikishika, diski na naku vinakuwa kitu kimoja, beringi za habu zinatolewa kwenye hesabu. Plei ikipotea, ni beringi za habu. Plei ikibaki, shida iko ndani zaidi, king pini. Hii haihitaji kifaa chochote, lakini nimekuta mafundi wenye miaka mingi kazini hawaijui wanabadilisha beringi za habu mara tatu.

Kingine, kwenye 80 ile amu inayoshikwa na tairodi na dragi linki imefungwa chini ya naku kwa stadi nne (bolti zisizo na kichwa) na nati, zina washa za umbo la koni. Zile stadi huwa zinalegea. Zikilegea amu inateleza kidogo kila ukikata stelingi, na huoni kitu kwa sababu grisi na oili vikishatoka kwenye sili ya ndani vinafunika pale chini na vumbi linaganda juu yake kama chapati. Unaangalia tairodi endi, mpya. Unaangalia beringi, nzima. Plei ipo. Futa uchafu wote pale mpaka uone chuma kikavu, mtu atikise stelingi, uangalie kama kuna mafuta yanapumua kati ya amu na naku. Zikiwa zimelegea usikaze tu ukaondoka. Toa, angalia kama nyuzi zimeliwa, safisha mpaka ziwe kavu kabisa, badilisha stadi na zile koni, kaza kwa toki ya kitabu (nguvu ya kukazia iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari), tembea kidogo kisha urudi ukague tena. Zikikatika zote ukiwa kwenye mwendo tairi hiyo haina tena uhusiano na stelingi.

Mimi dada yenu nimeshakutana na gari stadi mbili kati ya nne zimekatika na mwenye gari analalamikia alaimenti.

KasiNdogo:

Dada shikamoo yako, nimenyamaza.

Bushi_na_Bolti:

Halafu TairiPana usisahau nyuma. Nayo ina panadi rodi yake na zile amu nne zinazoshika ekseli. Jaribio rahisi: ukiwa barabara imenyooka na hakuna mtu, kanyaga mafuta kisha achia, kanyaga, achia. Kama kila ukiachia gari inapiga hatua pembeni, huko ni nyuma kunakoiendesha gari, bushi za amu za nyuma zimekwisha. Mbele unaweza kutengeneza mpaka kesho.

TairiPana:

Wakuu nimerudi. Jumamosi yote nimeshinda chini ya gari, mdogo wangu ndani anatikisa stelingi analalamika mikono.

Skrubu ya boksi kwanza, alama ya kutu niliiona, fundi alikuwa amekaza karibu mzunguko mzima! Nimeirudisha. Shafti na pitmani amu zinaenda pamoja, sioni kuchelewa kwa maana, kwa hiyo boksi yangu nadhani haina kesi.

Panadi rodi ya mbele, upande wa ekseli... niliweka kidole kama mlivyosema na nikaitoa haraka 😅. Inatembea. Kwa macho bushi ni nzuri kabisa, nyeusi, haina ufa. Nilivyoitoa, ile pipa ya chuma ya katikati ikatoka peke yake na raba ikabaki kwenye rodi, imeachana kabisa kwa ndani. Nilimpigia fundi nikamuuliza ulikaza gari ikiwa wapi, akasema juu, kwani wengine wanakaza wapi.

Naku ya kushoto, juu na chini kulikuwa na plei, mdogo wangu akakanyaga breki, ikapotea. Kwa hiyo beringi za habu. Ya kulia haikuwa na plei ila nilivyokwangua ule uchafu chini, dada NakuNaKingpini, stadi mbili kati ya nne nazungusha nati kwa mkono. Kwa mkono! Mafuta yanatoka pale kama mtu anatafuna. Nimepiga picha nikamuonyesha mke wangu akaniuliza na hii ndo tulipanda na watoto wiki jana? Sikuwa na jibu.

Gari haitoki mpaka stadi zifike.

NakuNaKingpini:

Umefanya vizuri kutoitoa. Ukifungua upande huo angalia na wa pili hata kama unaonekana mzima, na kwa kuwa oili inatoka badilisha sili ya ndani, la sivyo miezi michache stadi zinaoga tena. Zile koni zikigoma kutoka, gonga amu kwa nyundo ya shaba pembeni, zitaruka, vaa miwani.

Beringi za habu usikaze kama unakaza nati ya tairi. Ile nati kubwa ya milimita 54 unakaza huku unazungusha habu beringi zikae, unalegeza, kisha unarudia taratibu mpaka habu inazunguka bila kugonga na bila kusugua, ndo unaweka washa ya kufungia na nati ya pili. Kisha uipime tena maana nati ya pili ikikazwa inabana ya kwanza kidogo.

TairiPana:

Wiki mbili baadaye. Stadi mpya pande zote, koni mpya, sili, beringi za kushoto, bushi za panadi mbele na nyuma zimekazwa gari ikiwa chini, nilisimama pale mwenyewe. Tairodi endi moja nilikuta pini ya kuzuia nati isilegee haijapita kwenye tundu, fundi alirudisha nati nyuma ili tundu zilingane, nimekaza mbele mpaka tundu lililofuata nikaweka pini mpya.

Plei imebaki kama kidole kimoja chembamba. Nimepiga shimo lilelile, kwa makusudi, 70. Gonga moja basi, imetulia. Nilipaki pembeni nikacheka peke yangu.

Kilichobaki: bado kwenye 100 inataka kushikiwa mkono, sio kama zamani ila haina ile hali ya kujinyoosha. Na baada ya kona inarudi, ila kivivu. Tairi nilizihamisha, hamna tofauti.

MzeeWaGrisi:

Hapo sasa ni kasta, yaani mlalo wa naku kurudi nyuma, na hili ni deni la yule aliyeinyanyua. Angalia uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala kurudi nyuma, ule mlalo ndo unaofanya baiskeli ijinyooshe hata ukiachia mikono. Gari yako nayo ina mlalo huo kwenye naku. Ulivyoinyanyua, zile amu mbili za mbele zinashuka na kwa kuwa zimeshikana na ekseli, ekseli inazungukia mbele, mlalo unapungua. Kiwandani 80 ina digrii kama 3, kwa sentimita 5 unapoteza sehemu kubwa yake. Alaimenti uliyofanya mara mbili ni ya tairi kuangalia ndani au nje tu, kasta kwenye ekseli nzima haina skrubu ya kugeuza ndo maana hawakukwambia kitu. Omba wakupimie na wakupe karatasi yenye namba. Ukishapata namba, kuna bushi zenye tundu lililohama pembeni, zinapigwa presi kwenye zile amu upande wa ekseli. Kuna na plati za kufungia. Nunua kulingana na namba, sio kwa kukisia, na hakikisha tundu limeangalia upande sahihi, nimeona zimefungwa kinyume kasta ikaisha kabisa gari ikawa haishikiki.

TairiPana:

Jumatatu napeleka kupima. Nikipata hiyo karatasi naiweka hapa.

KasiNdogo:

Mkuu na mimi yangu nimeanza kukwangua chini ya naku. Mafuta yapo. Naomba mniambie nati za pale ni saizi gani kabla sijalala chini tena.